Ziwa, bwawa, kinamasi, dimbwi: mpaka wake uko wapi hasa?

Msomaramani ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Ninaandaa maelezo ya ramani kubwa ya ukutani inayoonyesha maji yaliyo ndani ya nchi kavu, yaani maji yote ya juu ya ardhi yasiyo sehemu ya bahari kuu, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuchora. Kumbe kazi ngumu ni kukipa kila kitu jina lake. Vitabu nilivyo navyo huanza vizuri: mto ni maji yatiririkayo katika njia yake, ziwa ni maji mengi yaliyozungukwa na ardhi, bwawa ni dogo kuliko ziwa, na dimbwi ni dogo kuliko bwawa. Nikirudi kwenye ramani yenyewe, mpangilio huo unavunjika. Kaspi inaitwa bahari ilhali imezungukwa na ardhi pande zote. Kariba imetokana na ukuta uliojengwa na watu, kwa hiyo ni bwawa, lakini ni kubwa kuliko maelfu ya maziwa ya asili. Sudd ya Sudan Kusini nayo niiite nini, ikiwa Nile Nyeupe inaingia humo kama mto, inatawanyika kati ya mafunjo, kisha inatoka upande wa pili ikiwa mto tena?

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, je, kuna kipimo kinachokubalika cha kutenganisha ziwa na vidimbwi? Pili, kwa nini maziwa mengine yana maji baridi na mengine yana chumvi au magadi, wakati yote hunyeshewa mvua na kulishwa na mito? Tatu, mwenzangu ninayefanya naye kazi anashikilia kwamba mto haupaswi kuwekwa kundi moja na maziwa kwa sababu maji yake "yanapita tu". Je, hoja yake ina uzito?

---

Mpimakina amejibu:

Ndugu Msomaramani, nitaanza na swali la tatu kwa kuwa ndilo linalofungua mengine. Mwenzako amegusa jambo la kweli, ila amelikata nusu. Maji ya mto hupita, na ya ziwa hupita vilevile. Kinachotofautiana ni mwendo. Tone la maji likiingia mtoni hukaa humo kwa wastani wa wiki mbili hivi kabla ya kufika lilikokuwa likienda. Likiingia katika Ziwa Erie la Amerika Kaskazini, hukaa takriban miaka 2.6. Likiingia katika Ziwa Superior, ambalo limo katika mfumo huohuo wa maji, hukaa takriban miaka 191. Likizama chini ya ardhi, laweza kukaa makumi ya miaka au maelfu. Ndiyo maana uchafu ulioingia Erie unaweza kusafishika ndani ya maisha ya mtu mmoja, na ulioingia Superior utarithiwa na vitukuu.

Nimefanya kazi ya kupima vina vya maziwa kwa miaka kadhaa, na nimezoea kujiuliza mambo matatu kila ninapofika kwenye maji nisiyoyajua: yameingia kwa njia ipi, yatakaa muda gani, na yatatokea wapi. Ukubwa nautazama mwisho. Kwa kigezo hicho, mto ni maji yenye njia moja iliyochongwa, yanayotoka juu kwenda chini kwa nguvu ya mteremko, yakibeba mchanga na tope toka kwenye chanzo na matawi yake hadi mdomoni. Hata mto wa msimu, ambao kwa miezi mingi ni korongo kavu, unabaki kuwa mto, kwa kuwa njia ipo na maji yakija yanajua pa kupita.

Kuhusu kipimo cha ziwa, jibu fupi ni kwamba hakuna kimoja kinachokubaliwa na wote. Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, una orodha yake ya aina za maji, na humo mpaka kati ya ziwa la kudumu na vidimbwi umewekwa kwenye hekta 8. Ni mpaka wa makaratasi, unaofaa kwa kuhesabu na kuorodhesha, lakini samaki aliye ndani ya hekta 7.9 hana habari nao. Watu wa ikolojia hupenda kutazama mwanga: dimbwi ni maji ambayo mwanga hufika hadi sakafuni, kiasi kwamba mimea yenye mizizi inaweza kuota popote, hata katikati; ziwa lina mahali ambapo mwanga haufiki. Kigezo hiki nakipenda zaidi, ingawa nacho kina tundu, maana Ziwa Chad lina kina cha mita chache tu na hakuna mtu atakayethubutu kuliita dimbwi.

Kina kikishakuwa kikubwa, maji hujipanga kwa matabaka, na hapo ndipo ziwa linapoanza kuwa na tabia ambayo dimbwi halina. Katika ziwa moja refu la bonde la ufa tulikuwa tukishusha chupa ya chuma yenye vifuniko viwili, kwa kamba iliyotiwa alama kila baada ya mita 10. Chupa za juu zilirudi na maji ya uvuguvugu, maangavu, yasiyo na harufu yoyote. Chupa iliyotoka chini ya mita 200 ilipofunguliwa, mashua nzima ilinuka yai viza. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na penye gesi hiyo oksijeni haipo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wake wanaishi katika ghorofa ya juu tu; sehemu kubwa ya maji yaliyobaki haina pumzi. Sababu ni kwamba katika nchi za joto maji ya juu hubaki na joto mwaka mzima, hivyo hubaki mepesi na kuelea juu ya yale mazito ya baridi bila kuchanganyika nayo hadi chini. Ziwa Baikal la Urusi lina kina zaidi, mita 1,642, na bado oksijeni hufika hadi sakafuni, kwa kuwa majira ya baridi hupoza maji ya juu mpaka yakakaribia uzito wa yale ya chini (maji yasiyo na chumvi huwa mazito kupita yote yanapofika nyuzi 4 hivi), na upepo na mikondo huyasukuma yazame. Maziwa haya mawili ni ndugu kwa kuzaliwa, yote ni mabonde ya ufa yaliyojaa maji kwa mamilioni ya miaka, lakini tabianchi imeyalea kwa njia tofauti kabisa.

Asili nyingine za maziwa nitazitaja kwa haraka: barafu iliyochimba na kuondoka, kama ilivyofanya Finland na kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kasoko ya volkano iliyojaa maji, kama Crater Lake ya Marekani yenye kina cha mita 594, mto ulioziba kwa lava, kama Kivu, ambalo maji yake yalikuwa yakielekea kaskazini na sasa hutoka kusini kwa Mto Ruzizi, na kipande cha mto uliopindapinda hadi ukakata kona yake wenyewe, kikabaki pembeni kama kwato. Hicho cha mwisho huwa kifupi cha umri, kwani hujaa tope na majani mpaka kikawa kinamasi.

---

Fundi wa Mifereji amejibu:

Naomba nilitetee neno bwawa, kwa sababu limebebeshwa mizigo miwili. Katika matumizi ya zamani, bwawa ni maji yaliyotuama mahali pa bondeni, mara nyingi yenye majani na tope, ambayo hayakutengenezwa na mtu. Katika matumizi ya leo, hasa kwa watu wa umeme na umwagiliaji, bwawa ni maji yaliyozuiwa kwa ukuta, na wengine wanauita ukuta wenyewe jina hilohilo. Kwenye ramani maana mbili hazikai pamoja. Ushauri wangu ni kwamba bwawa uliache kwa maji yaliyozuiwa na watu tu, bila kujali ukubwa; lambo uliweke kwa lile dogo la kuchimbwa au la tuta la udongo linalokinga maji ya mvua; na maji ya asili yaliyotuama uyaite ziwa, dimbwi au kinamasi kadiri yalivyo. Kwa njia hiyo Kariba linaweza kuendelea kuitwa ziwa kwa jina lake rasmi, huku alama yake kwenye ramani ikiwa ya bwawa.

Wala usidhani tofauti hiyo ni ya maneno matupu. Bwawa la mto linatambulika hata kwenye picha ya satelaiti kabla hujaambiwa, kwani lina umbo la mti ulioangushwa: shina ni bonde la mto mkuu, matawi ni mabonde ya vijito yaliyofurika, na mahali pa kukata shina pamenyooka kama palipopigwa rula. Ziwa la asili mara nyingi huwa na kina kikubwa mahali fulani katikati au chini ya mwamba mrefu. Bwawa huwa na kina kikubwa karibu na ukuta, na kadiri unavyopanda kuelekea juu ya mto ndivyo linavyozidi kuwa la kina kifupi. Kingo zake huwa na mkanda wa ardhi tupu isiyoota kitu, kwa kuwa maji hupandishwa na kushushwa kufuata mahitaji ya mitambo, na mmea wa ukingoni haupati msimu wa kutulia. Tope la mto, ambalo zamani lingefika kwenye delta, hukwama humo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza bwawa linaanza kujifukia. Maji yanayofunguliwa kutoka chini ya ukuta hutoka ya baridi na hayana oksijeni ya kutosha, na samaki wa mto ulio chini yake ndio wa kwanza kugundua.

Kwa vipimo: ukuta wa Kariba ulikamilika mwaka 1959, maji yakajaa mwaka 1963, na ujazo wake wa takriban kilometa za ujazo 180 unalifanya kuwa bwawa kubwa kuliko yote duniani kwa wingi wa maji. Kwa eneo, linaloongoza ni Ziwa Volta la Ghana, lililotokana na ukuta wa Akosombo, lenye kilometa za mraba zipatazo 8,500. Uzito wa maji ya Kariba uliitikisa ardhi iliyo chini yake. Mwaka huo wa 1963 lilitokea tetemeko lililozidi kipimo cha 6. Ni nadra dimbwi kufanya hivyo.

---

Mafunjo amejibu:

Nimefurahi kuona Sudd imetajwa, kwa kuwa kila anayepanga maji kwa makundi mawili, yanayotiririka na yaliyotuama, hukwama hapo. Kuna kundi la tatu, nalo ni ardhioevu: mahali ambapo maji na ardhi havijaamua nani mwenye nyumba. Kina ni kifupi, mara nyingine maji hayaonekani kabisa juu, lakini udongo umelowa muda mrefu kiasi cha kukosa hewa, na mimea inayoota humo ni ile tu inayoweza kuvumilia mizizi yake kuzama. Hizo ndizo alama tatu za kutafuta: maji, udongo usio na hewa, na mimea yake maalumu. Mkataba aliotaja Mpimakina unalipanua neno hilo hadi kuingiza maziwa, mito, na hata maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa kupwa. Kwa shughuli za uhifadhi upana huo una faida, lakini kwa ramani yako utakuacha na rangi moja kila mahali.

Sudd ni mto uliopoteza kingo zake. Ardhi ni tambarare mno, maji hayana mteremko wa kuyasukuma, mafunjo na matete huziba njia, basi mto hupanuka badala ya kusonga mbele, na takriban nusu ya maji yanayoingia huishia hewani kabla ya kufika upande wa pili. Mchore kama ardhioevu yenye mto ndani yake. Usichague kimoja.

Ukitaka kujua kwa mkono wako tofauti ya kinamasi na ziwa la kina kifupi, chomeka fimbo ndefu sakafuni kisha uizungushe. Ziwani utachafua maji kidogo na tope litatulia. Kwenye kinamasi cha zamani fimbo itazama kama kwenye uji mzito, na ukiivuta vitafuata viputo vingi, kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu baada ya wewe kuacha. Hiyo ni methani, na imezalishwa na vijidudu vinavyokula majani yaliyokufa mahali pasipo na oksijeni. Pale ambapo hata vijidudu hivyo havimudu kula kwa kasi ya majani yanavyoanguka, mabaki hulundikana karne baada ya karne na kuwa mboji nzito ya kahawia. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya vinamasi vya mboji vilivyo katikati ya bonde la Kongo: kilometa za mraba zipatazo 145,500, zilizoshika takriban tani bilioni 30 za kaboni. Kwa macho ya msafiri ni msitu wenye maji ya rangi ya chai ya rangi, na asingefikiri kwamba anakanyaga ghala.

Kinamasi cha mboji kinacholishwa na mvua peke yake huwa maskini wa virutubisho na maji yake huelekea uchachu; kinacholishwa na maji ya chini ya ardhi huwa tajiri zaidi, kwa kuwa maji hayo yamepita kwenye miamba na kuchukua madini. Unaona kwamba tumerudi kwenye lile swali la mlango wa kuingilia.

---

Msomaramani ameandika:

Nawashukuru sana. Mwenzangu amesoma na amekubali kuuweka mto mahali pake. Nimebaki na swali la chumvi, ambalo bado halijaguswa.

---

Kasoko amejibu:

Ndugu Msomaramani, kwanza tuondoe mtego mmoja wa lugha: tunaposema maji baridi hatumaanishi ubaridi wa kugusa. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, kwa kawaida chini ya nusu gramu kwa lita, na ziwa la maji baridi laweza kuwa la uvuguvugu mwaka mzima. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo kati ya hapo pana nafasi kubwa.

Hakuna mto usio na chumvi. Maji ya mvua yakipita juu ya miamba huyeyusha kidogo kidogo, na mto unaoonjeka mtamu kabisa bado umebeba mzigo wake wa madini. Ziwa lenye mto unaotoka huupokea mzigo huo kwa mkono huu na kuutoa kwa mkono ule. Ziwa lisilo na mto unaotoka linatoa maji kwa njia moja tu, ya jua, na jua huchukua maji peke yake. Chumvi hubaki. Mwaka ukiongezwa juu ya mwaka, ziwa hilo lazima liwe la chumvi. Bahari ya Chumvi iliyo kati ya Israeli, Palestina na Yordani imefika takriban asilimia 34, karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, na uso wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari.

Aina ya chumvi hutegemea miamba. Katika Bahari ya Chumvi kuna magnesiamu nyingi na kloridi. Katika maziwa ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, kama Natron, Magadi na Bogoria, miamba ya volkano hutoa sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na maji yakikauka hubaki magadi, yaani kaboneti ya sodiamu. Nimewahi kutembea juu ya ganda la magadi wakati wa kiangazi. Juu lilikuwa jeupe na gumu kama lipu, likavunjika chini ya kiatu kwa mlio wa kigae, na chini yake tope jeusi la uvuguvugu likanishika hadi kifundoni. Mahali maji yalipobaki yalikuwa mekundu, na yalipopita vidoleni yaliteleza kama sabuni. Kwenye Natron pH, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji ambacho katikati yake ni 7, huweza kuzidi 10, ambapo viumbe wengi hawathubutu, na heroe wadogo wamefanya hapo mahali pao pakuu pa kutagia, wakilindwa na ukali uleule wa maji unaowafukuza adui zao.

---

Msomaramani ameandika:

Maelezo haya yameniridhisha mpaka nilipojaribu kuyatumia. Naivasha halina mto unaotoka. Chad nalo halina. Yote mawili yana maji baridi. Je, sheria imevunjika?

---

Kasoko amejibu:

Umenikamata, na neno langu "lazima" nalifuta. Ilinipasa kusema "ziwa lisilo na njia ya kutokea", kwa kuwa mto ni njia moja tu kati ya njia kadhaa.

Naivasha linavuja. Liko juu kuliko mabonde ya jirani, na sehemu ya maji yake hupenya ardhini kwenye miamba ya volkano yenye nyufa, yakaelekea maeneo ya chini zaidi upande wa kaskazini na wa kusini, nayo hubeba chumvi pamoja nayo. Jua linaacha chumvi ndani ya ziwa. Mpenyo wa chini unaichukua. Mto unaotoka upo, basi, ila haujulikani kwa macho. Ziwa Chad nalo huvuja kwa namna hiyo kuelekea maji ya chini ya ardhi, na hilo ndilo linaloliokoa, maana kwa kina chake kifupi na jua la mahali lilipo lingekuwa sufuria ya chumvi.

Mfano unaonishangaza kuliko yote ni Okavango. Mto huo hutoka nyanda za juu za Angola, huingia Botswana na kuishia katika delta isiyofika baharini kamwe. Sehemu kubwa mno ya maji yake hupanda hewani. Kwa hesabu ya kawaida delta hiyo ingekuwa jangwa la chumvi, lakini maji yake ni baridi. Miti iliyo kwenye kingo za visiwa vyake hunyonya maji kwa mizizi na kuyavuta kutoka pembeni kuelekea chini ya kisiwa. Mti huchukua maji na kuacha chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya katikati ya kisiwa, ambako huonekana kama upara mweupe usioota kitu, huku mifereji inayozunguka ikibaki safi. Chumvi haikutoka kwenye delta. Imewekwa tu mahali pasipodhuru.

---

Mpimakina ameandika:

Niongeze kuhusu Kaspi, maana ilitajwa mwanzoni tukaipita. Kwa jiografia ni ziwa: imezungukwa na ardhi, haina mlango wa asili wa kwenda bahari kuu, uso wake uko takriban mita 28 chini ya usawa wa bahari, na inategemea mito, hasa Volga, ambao huleta sehemu kubwa ya maji yake. Kwa jiolojia ina madai ya ubahari, kwa kuwa ni mabaki ya bahari ya kale iliyotengwa ardhi ilipoinuka. Wastani wa chumvi yake ni takriban gramu 12 kwa lita, yaani theluthi ya bahari, na karibu na mdomo wa Volga maji yanakaribia kuwa baridi kabisa. Kwa sheria nayo ni jambo la tatu: nchi tano zinazoizunguka, yaani Urusi, Kazakhstan, Turkmenistan, Iran na Azerbaijan, zilitia saini mkataba huko Aktau tarehe 12 Agosti 2018, nao ukaipa hadhi yake ya pekee bila kuifuata moja kwa moja sheria ya bahari wala desturi ya maziwa, kwa kuwa uamuzi wa upande mmoja ungebadilisha namna ya kugawana sakafu yenye mafuta na gesi. Wewe chora ziwa, uandike jina lake la kawaida.

---

Msomaramani ameandika:

Nimefanya hivyo. La mwisho, kisha nitawaacha mpumzike: Kati Thanda, ambalo pia huitwa Ziwa Eyre, huko Australia. Kila picha ninayoipata inaonyesha uwanda mweupe mkavu, na kila orodha inaliita ziwa. Nilichore kwa buluu?

---

Mafunjo amejibu:

Lina bonde, lina mito inayolielekea, na lina sakafu iliyo takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari. Kinachokosekana miaka mingi ni maji. Mwaka 1974 yalikuja mengi hata yakafika kina cha takriban mita 6, kisha yakaondoka kwa njia ile ya jua, yakaacha ganda jingine la chumvi juu ya lile la zamani. Desturi ya wachora ramani ni kulizungushia mstari wa buluu uliokatikakatika mahali ambapo ziwa la kudumu lingezungushiwa mstari mzima, na ndani kuweka nukta hafifu. Tumia mstari huohuo kwa mito ya msimu na kwa madimbwi yanayokauka, na uueleze mara moja tu pembeni mwa ramani. Na kwa Ziwa Chad ningechora mistari miwili: mmoja uliokatikakatika kwa ukingo wa miaka ya 1960, lilipokuwa na kilometa za mraba zipatazo 25,000, na mwingine mzima ndani yake kwa maji yaliyopo kweli.